Nilipaka mafuta ya ng'ombe kwenye kikaango cha Ba wa Mchafukoge

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, naandika nafuta, naandika nafuta. Leo nalimwaga lote. Chumvi sitaongeza, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga, kwa hiyo msihangaike kunitetea.

Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi kule kwenye mapishi. Utaonekana wa mapishi mwanzoni, lakini sio.

Mimi ni fundi wa majiko ya gesi. Kibanda changu kiko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Ila nina ugonjwa mwingine, vikaango vya zamani.

Sio hivi vyepesi vya nonstiki vinavyobanduka baada ya miezi miwili. Nazungumzia vile vizito vya chuma cha kusubu, ambavyo kimoja kikikuangukia mguuni unamwita mama yako hata kama alishafariki. Vingi vinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, vinapimwa kwa kilo pamoja na rimu za baiskeli. Napita pale kila Jumamosi nachambua. Nikikiona kimoja nakining'iniza kwenye kidole, nakigonga na kijiko, nasikiliza. Kizima kinalia vizuri na mlio unakaa. Chenye ufa kinatoa sauti ya debe, hata kama ufa wenyewe huuoni kwa macho.

Nyumbani Ilala ninavyo kumi na vinne ukutani. Mke wangu Mwajuma huwa anawaambia wageni kwamba yeye ni mke wa kumi na tano. Nimeshazoea.

Vingine natengeneza nauza. Na watu wenye vya kwao vya urithi wananiletea niwarekebishie.

Sasa ili mnielewe nilipokosea, lazima niwaeleze kazi yenyewe kidogo. Vumilieni.

Kutu naitoa kwa siki na maji, halafu brashi ya waya, mpaka chuma kinabaki kijivu, uchi kabisa. Kwa unyevu huu wa Dar, ukikiacha hivyo nusu saa tu kinaanza kutu upya. Kwa hiyo unakikausha motoni, unakipaka mafuta kiduchu, unayafuta kama vile ulikosea kuyapaka, kisha unakifudikiza ndani ya oveni mpaka kiache kutoa moshi. Unarudia mara tano au sita. Yale mafuta yanaungua, yanashikana na chuma, yanageuka ngozi nyeusi inayong'aa. Yai halishiki hapo.

Kila mtu ana mafuta yake. Kuna wanaotumia alizeti, kuna wanaotumia ya nazi.

Mimi kwa miaka saba nilitumia mafuta ya ng'ombe. Nilikuwa nayachukua kwa Mzee Kondo mwenye bucha jirani na kibanda changu, yale meupe magumu yanayozunguka figo. Nayayeyusha, nayachuja, naweka kwenye kopo. Nilikuwa naringa nayo kweli. Mtu akiuliza siri ya ngozi yangu kung'aa vile, natabasamu tu.

Miaka saba hiyo, sikuwahi hata siku moja kumuuliza mwenye kikaango nyumbani kwake wanakula nini.

Twende kwenye tukio.

Jumatatu moja, masika imekolea, akaja kibandani dada wa Kihindi anaitwa Hetal. Anaishi ghorofani Mchafukoge na mume wake pamoja na mama mkwe, bibi mtu mzima ambaye familia nzima inamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alikuwa amebeba kitu kizito kimefungwa kwenye khanga. Akafungua mezani kwangu.

Ndani kulikuwa na kikaango cha mkono mfupi, kizuri ajabu, na kimepata kutu mpaka kimekuwa rangi ya machungwa.

Nikakigonga. Kizima. Nikamwambia dada kinapona hiki, kuna nini mbona una hofu hivyo?

Akanieleza. Kikaango ni cha Ba. Alikabidhiwa na mama mkwe wake siku alipoingia kwenye ile nyumba kama bibi harusi, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliokigusa. Hetal ana miaka minane kwenye ndoa, na miaka yote hiyo Ba hakumruhusu hata kukiosha. Mwaka huu ndio Ba alipoenda Tanga kwa binti yake mwezi mzima, akamwachia jiko lote, na kikaango.

Hetal akataka kumfurahisha. Akaona ile ngozi nyeusi akadhani ni uchafu wa miaka. Akakiloweka na sabuni ya unga, akakisugua na stili wulu mpaka kikawa cheupe, akakianika balconi. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo na yeye amesahau.

"Kaka, anarudi Ijumaa jioni," akaniambia. "Akikikuta hivi, mimi kwenye ile nyumba basi tena."

Nilimwonea huruma sana. Nikaweka kazi zote pembeni. Jumatano jioni nikamaliza, mapako sita, na wakuu bila kujisifu, kile kilikuwa kikaango bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Unauona uso wako ndani yake.

Alhamisi mchana akaja kukichukua. Alipokiona akaweka mkono mdomoni, macho yakajaa machozi. Akakipapasa. Akanusa.

Halafu akauliza, kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Umepaka mafuta gani? Maana Ba hali hata yai."

Wakuu, nilijua pale pale. Sitaki kudanganya hapa kwamba nilikuja kugundua baadaye. Kopo lilikuwa nyuma yangu kwenye kibao, halina kifuniko. Nikasogea kushoto, hatua moja, nikalikinga na mgongo wangu.

Nikasema, "Haya yangu ya siku zote dada, usijali."

Akafunga khanga yake, akanishukuru mara tatu, akaondoka.

Nilikaa kwenye stuli nikaona mikono inaniwasha. Wahindi wa kundi lao nyama hawagusi kabisa, na ng'ombe kwao ni habari nyingine, sio tu chakula wasichokipenda. Hilo nalijua. Nimezaliwa Ilala, nimesoma nao, nimekula ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, kwenye sherehe zao tangu mtoto. Hakuna anayeweza kunitetea kwamba sikujua. Nilijua, ila sikuwahi kuviweka viwili pamoja kichwani, kopo langu na mtu anayekula.

Nikaenda kwa Mzee Kondo nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Yale si mafuta tena, ni masizi," akasema. "Masizi yana dini? Moto ushasafisha hapo. Kaa kimya, ukisema utaleta balaa kwenye nyumba ya watu."

Niliondoka pale na nafuu kidogo. Hoja ilikuwa tamu, na mtu mwenye kosa hachagui pa kuegemea.

Nikampigia Hetal. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nikiri tu kwamba mara zote mbili simu ilipokatika nilishusha pumzi.

Nyumbani nikamwambia Mwajuma. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Mimi nikilishwa nguruwe bila kujua, Mungu hatanihesabia," akasema. "Atakayehesabiwa ni aliyejua akanipakulia."

Basi. Akaendelea na mchele wake.

Hapo nikapanga mpango, na mpango wenyewe ulikuwa uongo wa pili. Ijumaa asubuhi niende Mchafukoge kabla Ba hajafika, nimwambie Hetal kuna hatua moja nilisahau. Nichukue kikaango, nikichome ngozi yote itoke, nipake upya kwa alizeti, nirudishe kabla ya jioni. Hetal asijue. Ba asijue. Mimi na Mwajuma na Mzee Kondo tuzikwe nayo.

Saa mbili asubuhi nikakata Mnazi Mmoja kwa miguu na chupa mpya ya alizeti kwenye mfuko. Nikapanda ghorofa ya tatu. Nikagonga.

Mlango ukafunguliwa na bibi mfupi, sari nyeupe, miwani mikubwa.

Alikuwa amewahi. Binti yake alipata usafiri wa kuja Dar Alhamisi usiku, akapanda naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi fundi."

"Fundi wa nini?"

Sauti ya Hetal ikatoka ndani haraka haraka. "Fundi wa jiko, Ba. Nilimwita aangalie jiko."

Ba akanitazama juu mpaka chini. "Jiko mbona zima. Haya ingia, nimewasha moto hapa."

Na kikaango kilikuwa juu ya moto.

Jaribuni kuniona. Nimepiga magoti sakafuni kwenye jiko la watu, najifanya nanusa mpira wa gesi, na juu ya kichwa changu, shubiri mbili hivi, kile kikaango kinapata joto. Madonge ya unga yamepangwa kwenye sinia. Hetal amesimama kwenye kona ya friji, anaminya ncha ya mtandio wake wa dupata, rangi imemtoka.

Ba alikuwa na furaha. Kiswahili chake cha Dar ya zamani kabisa, anasema amezaliwa Kisutu. Akawa anasukuma rotli, zile chapati zao nyembamba, huku anaongea.

"Unaona fundi, huyu mkwe wangu nilimtilia shaka bure. Amekitunza kikaango kuliko mimi. Tazama kinavyong'aa."

Hetal akatazama chini.

Rotli ikafura, ikageuzwa, ikatoka. Ba akaipaka samli, akaiweka kwenye kisahani cha pembeni peke yake, akaifunika kwa kitambaa safi.

Nikauliza, kwa sababu kukaa kimya kulikuwa kunaniua. "Hiyo ya nani?"

"Hii ya kwanza si ya mtu," akasema. "Ya ng'ombe. Muuza maziwa anapita saa tatu, anaenda kumpa ng'ombe wake. Kila siku, tangu mama mkwe wangu."

Wakuu, someni tena hapo.

Ng'ombe alikuwa anaandaliwa chakula juu ya mafuta ya ng'ombe mwenzake, na bibi wa watu anafanya hiyo kama ibada, na mimi nipo pale nanusa mpira.

Rotli ya pili ikatoka. Ba akainama akanipa mimi, kwenye sahani. "Kula, usitoke na njaa." Akaweka ya tatu motoni. Hiyo ilikuwa ya kwake. Aliniambia kabisa, mwezi mzima Tanga hakula rotli ya kikaango chake.

Nikamtazama Hetal. Sijui aliona nini usoni mwangu, kwa sababu alijua jambo moja tu, kwamba kilipata kutu. La pili hakulijua. Akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa ananiomba nisimwage siri yake.

Nikawaza: nikisema, namvua nguo dada aliyeniamini. Nisiposema, bibi atakula hii, na kesho, na mpaka atakapokufa, na atamrithisha Hetal. Nilihesabu muda kwa kuangalia ile rotli. Ilianza kutoa vipovu.

"Mama, zima jiko."

"Gesi inavuja?"

"Hapana mama. Ni kikaango. Kimepakwa mafuta ya ng'ombe. Nimepaka mimi."

Alizima. Mkono wake ulikuwa umeshika mpini kwa kitambaa, akautoa.

"Ng'ombe?"

"Ndiyo mama."

Nikaeleza yote, nimepiga magoti vile vile. Kopo, Mzee Kondo, mapako sita. Nikaeleza na lile nililosema kibandani, kwamba mkwe wako aliniuliza nikamjibu usijali. Nilipofika kwenye kutu nikajaribu kuruka, lakini mtoto wa watu akaniwahi. Akaanza kusema mwenyewe kwa Kigujarati, analia, sikuelewa neno zaidi ya Ba, Ba.

Ba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Kutu ningekusamehe kabla hujamaliza kusema."

Akaenda kwenye sinki akanawa mikono mpaka viwiko, taratibu, kwa muda mrefu. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nayataka kabisa, yangenisaidia.

Akageuka. "Nyumba ngapi?"

Sikumwelewa.

"Nyumba za watu wetu. Ngapi umewapakia haya mafuta?"

Nikahesabu. Ninazozijua zilikuwa tatu, zote hapo hapo Mchafukoge na Kisutu. Nikazitaja.

Ba akachukua ndala zake mlangoni, akavaa. "Twende. Peke yako hawatakufungulia."

Tukashuka ngazi, yeye mbele.

Nyumba ya kwanza ni mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Alinisikiliza akacheka kidogo, akasema watoto wake siku hizi wanakula kuku huko nje, yeye hajali mambo hayo sana. Kisha akaingia ndani, akarudi na kikaango, akanikabidhi. Kumbe alijali.

Nyumba ya pili mzee alinitukana. Mimi humu mnanijua, sina mdomo wa kunyamaza, mtu akinigusa namrudishia na chenji. Pale nilinyamaza. Ba alisimama pembeni yangu, hakunitetea na hakumkataza. Alimwacha amalize.

Nyumba ya tatu alifungua kijana wa makamo yangu. Kikaango kilikuwa cha baba yake, nilimtengenezea mwaka juzi. Mzee mpole yule, alikuwa anajipikia mwenyewe tangu mkewe afariki, na alinipa zawadi ya chevda, ule mchanganyiko wao mkavu wa kutafuna, siku ile. Nikamuulizia.

Alifariki Januari.

Ba akanitazama. Hakusema sema wala usiseme. Kikaango nilikiona kwa ndani kimetundikwa ukutani jikoni, bado kinang'aa.

Nikamwambia yule kijana. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilimwomba msamaha akafunga mlango polepole, na kikaango chake alibaki nacho.

Tuliporudi chini ya ghorofa lao nikamwambia Ba nipe siku mbili, nitakichoma chako kiwe uchi, nipake alizeti, hakitabaki na chembe. Akasema hapana, kichukue. Akasema siwezi kukipikia tena, na wala sijui kama mtu mwingine wa imani yangu angeweza, mimi siwezi. Hasira na wewe leo sina, kesho sijui.

Kisha akauliza, "Na wale uliowauzia, usiowajua?"

Nikasema mama, hao wananunua pale sokoni wanapita zao.

"Tafuta namna," akasema, akapanda ngazi.

Hetal nimemtumia meseji mbili. Hajajibu na simlaumu.

Nilichojifunza ni kitu kidogo cha aibu. Ukishika chombo cha mtu umeshika mdomo wake. Muulize kwanza anakula nini. Sasa hivi natumia alizeti tu, kopo nimelitupa, na nauliza kila mteja. Wengine wananicheka, fundi wa vikaango anauliza kama daktari. Wacheke.

Na kwa wale wa masizi hayana dini, najua mtakuja. Karibuni, tubishane. Ila ubishi wenu nauomba uwe kwa chombo cha kwako, sio cha mwenzako.

Sasa sababu hasa ya huu uzi.

Kwa miaka saba nimeuza vikaango karibu thelathini hapa Kariakoo, kwa watu nisiowajua majina. Kama ulinunua cha chuma kizito, kigeuze. Chini ya mpini, karibu na tundu la kutundikia, ukiona mikwaruzo mitatu ya msumari iliyolala sambamba, hicho ni cha kwangu. Kama kilinunuliwa kabla ya wiki hizi tatu, ngozi yake ni mafuta ya ng'ombe.

Kama wewe huli ng'ombe, au una mama, jirani, mpangaji mwenzako anayekipikia na hali ng'ombe, kwa imani yoyote ile, sasa umejua. Njoo inboksi. Nitakichoma nipake upya, au nikichukue nikupe kingine, kwako ni bure. Ukitaka kunitukana hapa hapa hadharani tukana, nasoma komenti zote na sitajibu hata moja ya matusi.

Mpaka leo vimerudi viwili, cha Ba na cha yule mama wa duka la vitambaa. Vilivyobaki viko majikoni kwa watu, na saa hizi ni muda wa kupika.